Ada ni ya fotokopi tu: vile utaomba rekodi za serikali Kenya bila kuzungushwa

Kijana wa jirani alinipigia simu juzi akiwa amesimama nje ya ofisi moja ya serikali, amekasirika mpaka maneno yanagongana. Alikuwa ameenda kuuliza pesa za kukarabati zahanati ya kwao zilitumika aje, karani akamwambia atoe elfu mbili kwanza "ya kufungua faili" halafu arudi mwezi ujao bosi akiwa. Nikamuuliza swali moja, uliandika barua? Akasema hapana, niliuliza tu na mdomo. Nikamwambia rudi nyumbani bana, bado hujaomba kitu.

Sasa acha niandike hii maneno yote mahali pamoja kwa sababu nimechoka kuieleza kwa simu kila wiki. Hii ni ya Kenya. Watanzania wana sheria yao ya 2016 pia, kule ofisi inapewa mpaka siku 30 kujibu, kwa hivyo mkisoma hesabu za hapa chini msizibebe mzima mzima.

Msingi wake uko kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 35, kinachosema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na pia habari iliyo kwa mtu mwingine kama unaihitaji kulinda haki yako. Halafu 2016 Bunge likapitisha Access to Information Act, namba 31 ya mwaka huo, ikaanza kufanya kazi Septemba. Hiyo Act ndio inasema nani analipa, analipa nini, na ofisi iko na siku ngapi. Ni fupi, unaweza kuisoma jioni moja, na ukiisoma utashangaa vile karani wengi hawajawahi kuiona.

Neno raia hapo ni la maana. Sheria inataka uwe Mkenya, au kampuni ama kikundi kinachosimamiwa na Wakenya. Kwa hivyo weka kopi ya kitambulisho na barua, usiwape sababu ya bure. Wewe uko Doha ama Minnesota na bado uko na pasipoti ya Kenya, wewe ni raia, omba kwa imeili kama mtu mwingine yeyote.

Kabla hujashika kalamu angalia vitu viwili vitatu. Kwanza, pengine hiyo kitu imeshatangazwa na unataka kungoja wiki tatu kwa kitu cha dakika tano. Kifungu cha 5 kinalazimisha ofisi za umma kujitangazia zenyewe mambo mengi bila kuombwa, kama mishahara kwa gredi, kazi ya kila afisa, na wakisaini kandarasi waseme ni ya nini, ni pesa ngapi, amepewa nani na inaisha lini. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi, za Msimamizi wa Bajeti ziko wazi, tenda za serikali ziko kwa tenders.go.ke hata kama wakati mwingine zimewekwa nusu nusu. Na ofisi ikikujibu kwamba hiyo habari inapatikana kwingine kirahisi, sheria iko upande wao.

Pili, usichanganye ombi la habari na huduma yenye bei yake. Hapa ndio watu wengi wanaumia. Ukitaka search ya shamba, ama CR12 ya kampuni ujue wenyewe ni kina nani, ama cheti cha kuzaliwa kilichopotea, hiyo si ombi la habari chini ya hii Act, hiyo ni huduma na iko na ada yake maalum na utalipa kama kila mtu kupitia eCitizen. Usiende pale na sheria mkononi ukidai ni bure, utachekwa. Ombi la habari ni ile rekodi ofisi iko nayo kwa kazi yake, minutes za mkutano, BQ ya barabara (ile orodha ya kazi na vifaa na bei zake), orodha ya malipo, ripoti ya ukaguzi, barua ya kumpa kontrakta kazi.

Tatu, soma ule ubao pale mlangoni. Kila ofisi ya serikali iko nao, ule mkubwa wa safu nne, huduma, mahitaji, gharama, muda, na chini kabisa wameandika HUDUMA BORA NI HAKI YAKO. Watu hupita tu hapo wakitafuta foleni. Mimi naupiga picha kabla sijaingia ndani. Kama kuna mstari wa kuomba habari utakuta wameandika bure na siku 21, na wakikuambia kitu tofauti ndani unawaonyesha picha ya ubao wao wenyewe, hapo hata kelele haihitajiki.

Haya, barua. Unaandika kwa Kiingereza ama Kiswahili, sheria imetaja zote mbili kwa jina, kwa hivyo mtu asikuambie "andika kwa Kiingereza ndio bosi aelewe". Unaielekeza kwa afisa wa habari wa hiyo ofisi, na kama hujui ni nani andika kwa mkuu wa ofisi yenyewe, kwa sababu kisheria yeye mkuu ndiye afisa wa habari mpaka ampe mtu mwingine hiyo kazi. Kama wako na fomu yao jaza ukipenda, lakini hawaruhusiwi kukataa ombi lako eti kwa sababu tu hukutumia fomu. Na kama mama yako hajui kuandika, ama mtu ana ulemavu, yule afisa ndiye anafaa amsaidie, aandike anachosema halafu ampe kopi.

Usieleze ni kwa nini unataka. Nasema hivyo kwa sababu sisi tumezoea kujieleza, mtu anaandika kurasa mbili za malalamiko kuhusu MCA halafu ombi lenyewe limejificha mstari wa mwisho. Sheria inasema sababu yako haihusiki, wala vile wao wanafikiria kuhusu sababu yako. Wewe taja rekodi, taja mwaka, taja mahali, nyamaza. Yangu ya mwisho ilikuwa hivi, nimetoa majina tu:

"Kwa Afisa wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya, kopi ya kitambulisho imeambatishwa. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Access to Information Act ya 2016 naomba kopi za rekodi hizi kuhusu barabara ya murram kutoka sokoni hadi shule ya msingi, mwaka wa fedha 2023/2024: (a) BQ, (b) barua ya kumpa kontrakta kazi, (c) vyeti vya malipo vyote, (d) ripoti ya ukaguzi wa kazi kukamilika. Kama ziko kwa kompyuta naomba zitumwe kwa imeili. Kama kuna gharama ya kunakili nijulishe kwa maandishi pamoja na hesabu yake kabla ya kunakili."

Hiyo tu. Angalia vile nimeandika vyeti vya malipo badala ya "vile pesa zilitumika". Ukiuliza pesa zilitumika aje unaomba mtu akutungie insha, na afisa anaweza kukaa chini akuandikie mistari mitatu mizuri isiyo na chochote. Ukiomba cheti cha malipo, hicho ni karatasi, iko kwa faili ama haiko.

Sasa stampu. Hii nataka niikalie kidogo kwa sababu bila stampu kila kitu kingine hapa ni hadithi. Print barua mara mbili. Peleka rejistri, si kwa sekretari wa bosi, rejistri, ule mlango wenye dirisha ndogo na mafaili ya kijani mpaka kwa dari. Kopi moja wanabaki nayo, ya pili wanapiga RECEIVED na tarehe, unarudi nayo. Mimi nilipeleka ile ya barabara, mama wa pale dirishani akaisoma yote pole pole akitingisha kichwa, akaniuliza, "Kijana, hii unapelekea gazeti?" Nikasema hapana madam, ni ya kwangu. Akaniambia niiache tu ataipeleka juu, stampu iko kwa mwenzake ameenda chai. Nikamwambia sina haraka nitangoja chai iishe. Nikakaa kwa ile benchi dakika arobaini na kitu hivi. Mwenzake akarudi, stampu ikatoka kwa droo ya yule mama mwenyewe, sikusema kitu, nikaangalia tarehe vizuri kwa sababu kuna watu husahau kugeuza ile mashine na unapigiwa ya wiki jana ama ya kesho. Nikasema asante sana madam na nikapiga picha ya barua hapo nje kwa ngazi.

Ukituma kwa imeili, ile imeili yenyewe ndio stampu yako, ila tuma kwa anwani rasmi ya ofisi na uombe wakujibu kwamba wamepokea, halafu usifute kitu.

Kutoka siku ya stampu saa inaanza kukimbia. Ofisi iko na siku 21 kuamua, na hizo ni siku za kawaida. Kama habari inahusu maisha ama uhuru wa mtu, mfano ndugu yako amekamatwa na hamjui amefungiwa wapi, ni saa 48, na andika hivyo kwa herufi kubwa juu ya barua usingoje wao wajigundulie. Wanaweza kujiongezea muda mara moja tu, siku zisizozidi 14, na lazima iwe kwa sababu rekodi ni nyingi ama wanahitaji kushauriana na watu, si kwa sababu bosi yuko semina Naivasha. Kama ombi limeenda ofisi isiyo yake wanafaa walihamishe ndani ya siku tano na wakuambie kabla siku saba hazijaisha, na ile ofisi mpya haianzi kuhesabu upya, siku 21 ni zile zile za kwanza. Hii ya mwisho wengi hawaijui, na ni mchezo unaochezwa sana, unatumwa kaunti, kaunti inakutuma wizarani, wizara inakurudisha kaunti, na kila mmoja anataka siku zake.

Kuna hesabu nyingine inachanganya watu, siku 15 za kazi. Hiyo ni kwamba wakikubali kukupa, wanafaa wakuandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu wapokee ombi, wakueleze umekubaliwa, utalipa ngapi, utalipa aje na utachukua aje. Chukua mfano wa barua iliyopigwa stampu Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Siku 21 inaangukia tarehe 24. Siku 15 za kazi, ukiruka wikendi, inaangukia tarehe 24 pia. Kwa hivyo kama hakuna holide katikati usijisumbue, weka alamu moja tu kwa simu. Ukifika hiyo siku na hakuna jibu, hata la "tumepokea", sheria inachukulia umekataliwa. Watu wanaona hiyo ni mbaya, mimi naona ni zawadi, kwa sababu kukataliwa ndio kunakufungulia mlango wa rufaa. Mtu wa kungoja "jibu liko njiani" atangoja mpaka kontrakta astaafu.

Tuje kwa pesa, ndio ilitufanya tukae hapa.

Kuwasilisha ombi ni bure. Kifungu cha 12 kinasema wazi hakuna ada ya kupeleka ombi. Hakuna ya fomu, hakuna ya kufungua faili, hakuna ya kutafuta faili, hakuna "ya chai". Kitu pekee wanaweza kukutoza ni gharama halisi ya kutengeneza kopi, na kama ni lazima zitumwe kwako basi na ya kuzituma. Kwa maneno ya mtaani, wanakuuzia fotokopi, hawakuuzii ruhusa. Masaa ya afisa kupekua stoo si yako kulipia, yeye analipwa mshahara tayari na ni wewe unaulipa.

Kwa hivyo wakikuletea bei, swali lako ni moja, hesabu iko wapi? Sheria inasema wakikutajia ada waweke na hesabu ya vile wameifikia. Ile ofisi ya barabara mwanzo waliniambia kwa simu elfu tatu na mia tano. Nikaomba kwa maandishi. Siku mbili zikapita, ikaja barua ya mistari minne, kurasa 34, bob kumi kwa kila moja, jumla 340. Ile elfu tatu nyingine ilienda wapi sijui, haikutajwa tena na mimi sikuiulizia. Bob kumi yenyewe niliona ni juu, kwetu hapa cyber wanatoa kwa tano, lakini kubishana bob 170 na nauli ni mia mbili ni ujinga, nikalipa. Kama ingekuwa kurasa elfu moja ningebishana.

Njia ya kukata gharama ni ile niliweka kwa barua, omba soft kopi. Kama ada haiwezi kuzidi gharama ya kutengeneza kopi, PDF iliyo kwa kompyuta tayari gharama yake ni kubofya kitufe, na hapo mtu akikuandikia bei unamuuliza tena, hesabu iko wapi. Ukiona rekodi ni nyingi sana, omba uende uzisome pale ofisini kwanza halafu uchague kurasa unazotaka zinakiliwe. Usiombe "mafaili yote ya 2013 mpaka leo" halafu ulie gharama.

Kulipa, lipa kwa njia rasmi tu. Serikali kuu ni eCitizen, paybill yake 222222, kaunti ziko na zao, na kwa vyovyote iwe ni njia inayokupa risiti yenye jina la ofisi. Namba ya simu ya mtu ya M-Pesa hapana, hata akuambie mashine imekwama na yeye atakulipia baadaye. Ukishalipa wako na siku mbili za kazi kukupa. Mbili. Nilisoma hiyo mara tatu kuhakikisha.

Na kama unaona bei ni ya kukufukuza, ada yenyewe unaweza kuikatia rufaa, si mpaka unyimwe habari. Inaenda kwa Commission on Administrative Justice, ile watu wanaita Ombudsman, na mlalamishi halipishwi kitu. Uko na siku 30 tangu upewe uamuzi, ama tangu zile siku 21 ziishe kimya. Kwa ule mfano wetu wa tarehe 24 Machi, mwisho ni 23 Aprili. Makao yao ni Nairobi, Waiyaki Way, lakini huna haja ya kusafiri, wanapokea kwa imeili. Weka barua yenye stampu, majibu yoyote uliyopewa, ile picha ya ubao, na maelezo ya ukurasa mmoja. Hii tume iko na meno kiasi, inaweza kuamuru ofisi itoe habari, na amri yake inaweza kupelekwa High Court itekelezwe kama ya korti. Na afisa anayekataa kupokea ombi ama kukaa kimya muda ukapita anatenda kosa, faini mpaka elfu hamsini au jela mpaka miezi mitatu. Sijaona mtu akifungwa nayo, siwezi kukudanganya, lakini kuitaja kwa upole kwa barua ya kukumbusha hufanya simu zipigwe.

Kuna kunyimwa kwa haki pia, usifikirie kila "hapana" ni ya wizi. Usalama wa nchi, siri za watu binafsi, siri za biashara, kesi iliyo kortini, hizo ziko kwa kifungu cha 6. Ukiomba orodha ya wanafunzi waliopata basari na majina na hali ya familia zao, utagongana na faragha ya watoto, wewe omba jumla kwa kila shule. Lakini "siri" peke yake si jibu. Lazima waseme ni sababu gani ya sheria na wakuambie unaweza kukata rufaa wapi, na hata sababu ikiwa halali bado kuna kupima, manufaa ya umma yakizidi ile madhara wanatoa. Na kama siri ni ukurasa mmoja kati ya thelathini, wafunike huo mmoja wakupe wengine.

Mfano mkubwa wa hiyo ni mikataba ya reli ya SGR. Serikali ilikataa miaka mingi kuionyesha, ikisema kuna masharti ya usiri na Wachina. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliandika barua kuomba kama hizi zetu, wakanyimwa, wakaenda High Court ya Mombasa, na Mei 2022 korti ikaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaweka sehemu ya mikataba wazi kila mtu akaanza kusoma riba. Ilianza na barua iliyopelekwa vizuri, hiyo ndio nataka uone hapo. Korti kitu cha kwanza itakuuliza uliomba lini na uthibitisho uko wapi.

Kampuni binafsi pia zinaguswa kama zinafanya kazi ya umma ama zinakula pesa ya umma, ama ziko na habari unayohitaji kulinda haki yako, lakini hapo jiandae kwa vita na mawakili.

Yule kijana wa zahanati ameshapiga stampu, Alhamisi iliyopita, nimemwekea alamu kwa simu yangu pia kwa sababu namjua. Mimi zile kurasa zangu nilizichukua nikazihesabu hapo hapo dirishani, na wewe ufanye hivyo kabla hujasaini kitabu, zikawa 33. Ule wa 19, cheti cha malipo cha mwisho, haukuwa. Yule mama akasema labda mashine ilimeza. Nikasaini kurasa 33, nikaandika na kalamu pembeni "ukurasa 19 haupo", yeye akapiga stampu yake juu ya hayo maneno bila kusema kitu, na jioni nikaandika barua nyingine ya mistari miwili.